Mwalimu Nyerere na Maandalizi ya Walinzi wa Hifadhi

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, mashariki mwa Ziwa Viktoria, si mbali na mbuga za Serengeti. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama yake Mgaya wa Nyang'ombe. Mwaka 1934 alianza masomo katika Shule ya Mwisenge, Musoma, akaendelea Tabora, kisha Makerere alikosomea ualimu. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh na kurejea mwaka 1952 na shahada ya uzamili. Aliacha kazi ya ualimu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, lakini jina la Mwalimu halikumwacha.

Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, wataalamu wa uhifadhi kutoka nchi mbalimbali walikutana Arusha. Katika mkutano huo ilitolewa, kwa jina la Mwalimu akiwa Waziri Mkuu, Ilani ya Arusha, ambayo isichanganywe na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Ilani hiyo iliwatambua wanyamapori kuwa sehemu ya rasilimali na riziki ya taifa, na ikaahidi kuwahifadhi kwa ajili ya vizazi vijavyo. Aidha, ilieleza bayana kuwa kazi hiyo ilihitaji utaalamu, watumishi waliofunzwa na fedha, na ikayaomba mataifa mengine kushirikiana na Tanganyika.

Suala la watumishi ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Nafasi za juu katika Idara ya Wanyamapori na Hifadhi za Taifa zilishikwa na Waingereza. Waafrika walitumika kama askari na wafuatiliaji wa nyayo. Waliifahamu pori vizuri, lakini hawakuwa na njia ya kufikia madaraka. Wakati huohuo, ndani ya TANU madai ya kuwapa wananchi nafasi za kazi serikalini yalikuwa yakipamba moto. Mwezi Januari 1962 Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakiimarishe chama, na Rashidi Mfaume Kawawa akashika nafasi yake na kuharakisha zoezi hilo. Iwapo wageni wangeondoka kabla wenyeji hawajaandaliwa, hifadhi zingebaki mipaka kwenye ramani tu. Na iwapo wangeendelea kubaki, Uhuru ungekuwa haujafika porini.

Jibu lilikuwa shule. Mwaka 1963 Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika kilifunguliwa Mweka, katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Hugh Lamprey, mwanabiolojia aliyewahi kuchunguza maisha ya wanyama wa Tarangire. Wafadhili wa nje walichangia, miongoni mwao African Wildlife Leadership Foundation, na wanafunzi walitoka Tanganyika na nchi nyingine za Afrika. Masomo ya ikolojia na sheria yalikwenda sambamba na matumizi ya silaha, matengenezo ya magari na safari ndefu za mafunzo porini. Mwaka 1966 ilifuata Pasiansi, jijini Mwanza, kwa ajili ya askari wa wanyamapori.

Mwalimu aliposhika madaraka kulikuwa na Hifadhi za Taifa chache tu, zikiwemo Serengeti na Ziwa Manyara. Katika uongozi wake ziliongezeka Mikumi na Ruaha mwaka 1964, Gombe mwaka 1968, Tarangire mwaka 1970, Kilimanjaro mwaka 1973, Katavi mwaka 1974 na Rubondo mwaka 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uongozi wa Hifadhi za Taifa ulitoka kwa John Owen na kushikwa na Mtanzania, Solomon ole Saibull.

Hata hivyo, elimu peke yake haikutosha. Mwaka 1977 mpaka na Kenya ulifungwa na mapato ya utalii yakaporomoka. Mwaka uliofuata vikazuka Vita vya Kagera. Askari waliofunzwa vyema walikosa mafuta, magari na vipuri, huku majangili wakijipatia silaha. Faru walikaribia kutoweka Serengeti, na tembo wa Selous wakapungua kwa maelfu. Kipindi hicho kilithibitisha kuwa mahitaji matatu ya Ilani hutegemeana: mtumishi aliyefunzwa bila nyenzo ni kama jembe lisilo na mpini.

Mwalimu aling'atuka mwaka 1985, akafariki dunia jijini London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Vyuo vya Mweka na Pasiansi vinaendelea kutoa wataalamu na askari wanaolinda hifadhi za nchi, ikiwemo hiyo inayobeba jina lake.