Humphry Davy, Mlinzi wa Metali

Huko Ngara na Biharamulo nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati ya chuma yaliyopakwa zinki. Zinki huliwa kwanza, chuma kikasalimika. Mtaalamu aliyetumia kanuni hiyo kulinda meli ni Humphry Davy.

Davy alizaliwa mwaka 1778 mjini Penzance, Uingereza. Baba yake, mchonga mbao, alifariki Davy angali kijana. Hivyo alipelekwa kwa tabibu kujifunza kazi. Mwaka 1808 alijaribu kuitenga alumini. Hakufaulu, lakini alikuwa wa kwanza kuipa jina.

Wakati huo maji ya bahari yaliila shaba iliyofunika sehemu ya chini ya meli za kivita. Mwaka 1824 Davy alionyesha kwamba vipande vya zinki au chuma vikigusana na shaba, huliwa badala yake. Shaba ilipona. Lakini mwani na viumbe vidogo, vilivyokuwa vikizuiwa na sumu ya shaba, viliganda melini na kupunguza mwendo. Mpango ukaachwa.

Davy alifariki mwaka 1829. Siku hizi, baharini, hata mashua za alumini hufungiwa vipande vya zinki.

Zoezi: Chunguza bati kuukuu. Zinki ilipokwisha, unaona nini?