PANDITA RAMABAI: MAMA ALIYEMPOKEA YESU AKABAKI MHINDI

Mara nyingi hapa kambini tunaulizana: mtu aliyepoteza makao bado ana taifa? Leo tumtazame mama mmoja wa India.

Ramabai alizaliwa mwaka 1858, mwaka uleule serikali ya Uingereza ilipoichukua India kutoka mikononi mwa kampuni ya biashara. Wazazi wake walimfundisha Kisanskriti, lugha ya vitabu vya dini yao, ingawa mila iliwakataza wanawake kuisoma. Familia haikuwa na makao. Walizunguka hekalu hadi hekalu, wakisoma vitabu hivyo mbele ya watu ili wapate riziki. Njaa ilipoingia, baba, mama na dada yake walikufa ndani ya miezi michache.

Ramabai na kaka yake walitembea maelfu ya kilomita kwa miguu, hadi wakafika Calcutta mwaka 1878. Huko wataalamu walimpa jina la Pandita, yaani mwalimu mwenye elimu. Siku zile wengi walijitambulisha kwa jimbo, lugha au tabaka lao. Yeye alikuwa ameiona nchi kwa miguu yake, na kila mahali alikuta shida zilezile: njaa, na wajane wanaoteswa. Aliolewa na mwanasheria Mbengali wa tabaka lingine, naye akafariki mwaka 1882, akimwachia binti mdogo, Manorama.

Mwaka 1883 alikwenda Uingereza kusoma, akabatizwa huko. Kwao wengi walisema amewafuata watawala. Nao masista wa Kiingereza walitaka atii kila jambo. Ramabai alikataa yote mawili. Hakula nyama, kama alivyolelewa. Alipopewa msalaba wenye maandishi ya Kilatini, aliuliza kwa nini yasiwe ya Kisanskriti.

Mwaka 1889 alifungua shule ya wajane Bombay. Desemba mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa wanawake wachache waliohudhuria mkutano wa Congress, chama kilichoanza mwaka 1885 na baadaye kikaongoza kudai uhuru. Mwaka 1893 wazazi kadhaa waliwaondoa mabinti wao shuleni, wakiogopa watakuwa Wakristo. Hakukata tamaa. Mwaka 1897, wakati wa tauni, aliandika gazetini kuishutumu serikali ya Waingereza kwa jinsi wanawake walivyotendewa katika hospitali na kambi za karantini. Alishika dini moja na watawala, lakini hakunyamaza walipokosea.

Njaa iliporudi, yeye aliyefiwa kwa njaa alikwenda kuwatafuta mayatima na wajane, akawaleta kijiji cha Kedgaon, mahali alipopaita Mukti, yaani wokovu. Kufikia mwaka 1900 walikuwa karibu 2,000, wakisoma, wakifuma na kulima. Alitafsiri pia Biblia kwa Kimarathi chepesi, akaikamilisha muda mfupi kabla ya kufariki, Aprili 1922. India ilipata uhuru mwaka 1947, yeye hakuuona.

Wapendwa, Ramabai hakungoja kupewa taifa na mtu. Alilibeba njiani, akalihudumia. Nasi tuliokimbia tukiwa na lugha zetu na watoto wetu, tusiseme hatuna kwetu. Tuwafundishe watoto lugha ya nyumbani, na tumpokee yatima wa jirani.

Mungu awabariki.