Habari za Maisha ya Siti binti Saad wa Unguja

Tumezoea kuwaletea katika kurasa hizi habari za maisha ya wachungaji, waalimu wa dini na wauguzi wa Kanisa. Mwezi huu twawaletea habari za mwanamke ambaye hakuwa Mkristo, wala hakupata kuimba katika kanisa lo lote, bali jina lake lajulikana pwani yote na bara pia. Huenda wengine watauliza kwa nini, nasi twapenda kujibu kwanza.

Hapa Chake Chake wazee wa usharika wamekuwa na shauri refu juu ya ngoma, kama yafaa kupigwa ibadani au haifai. Katika mashauri hayo mzee mmoja alinena kwamba wapiga ngoma ni watu wasio na kazi. Neno hilo lilituchoma. Twamjua mpiga ngoma mmoja wa mji huu, Mwislamu, mtu mzima sana, ambaye amewalea watoto wake wote kwa ngoma za harusi. Mavuno ya karafuu yakiisha, watu wakiwa na fedha ya kuoza, yeye hutoka kijiji hata kijiji na ngoma begani, na watoto wawili watatu humfuata ili wajifunze. Tulipomwuliza naye alijifunza kwa nani, alisema kwa baba yake. Na baba yake alijifunza kwa kuisikiliza santuri ya Siti, akipiga juu ya debe mpaka mkono ulipozoea. Ndipo tulipoona yafaa kuandika habari hizi.

Siti alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, upande wa kusini wa Unguja. Asili ya baba yake, Saad, ilikuwa Unyamwezi, na asili ya mama yake Uzigua. Watu wa asili hiyo siku zile walihesabiwa miongoni mwa watumwa na wana wa watumwa, na mtoto mwenyewe aliitwa Mtumwa. Alipokuwa na miaka 17, yaani mwaka 1897, utumwa ulifutwa kwa sheria katika Unguja na Pemba, lakini dharau ilibaki vile vile.

Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa kufinyanga vyungu. Hakupelekwa kusoma. Alipopata nguvu aliuchukua mzigo wa vyungu kichwani akaenda kuuza mjini kwa miguu, safari ya saa nyingi, akinadi bidhaa yake kwa kuimba. Watu wa mjini wakaizoea sauti yake kabla hawajamwona mwenyewe. Sisi tuliopata kuchota maji na mtungi utotoni twafahamu kwamba wimbo hushika mwendo wa miguu, na chombo hakianguki upesi. Hatudhani kwamba alikuwa na mwalimu mwingine wa kwanza kuliko njia ile.

Mwaka 1911 alihamia mjini akakaa Ng'ambo, mtaa wa maskini uliotengwa na Mji Mkongwe kwa mkono wa bahari. Wakati huo taarabu ilikuwa mambo ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni. Na mwaka 1905 chama cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mjini. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na waimbaji walikuwa wanaume. Mwuza vyungu kutoka shamba hakuwa na mahali hapo. Lakini walikuwako wanamuziki waliomsikia wakamfundisha kuimba pamoja na udi na fidla, na kuyatamka maneno ya Kiarabu ipasavyo. Akashika upesi. Baadaye akawa na kundi lake mwenyewe: Subeit bin Ambar, Mbaruk Talsam, Buda bin Swedi na Mwalimu Shaban. Watu wakamwita Siti, maana yake bibi mwenye heshima, na lile jina la Mtumwa likaachwa.

Hapa twataka kukawia kidogo, maana ndipo habari ya ngoma ilipo. Siti aliimba kwa Kiswahili, na mwendo wa nyimbo zake ulikuwa mwendo wa ngoma za Ng'ambo, wa watu waliocheza uani baada ya kazi. Taarabu na ngoma za mtaani zilikaribiana hapo kama ndugu. Mpaka leo Unguja iko ngoma ya harusi iitwayo kidumbak, yenye fidla na ngoma mbili ndogo za udongo wa kufinyangwa, zilizowambwa ngozi. Moja hushika mwendo, ya pili huujibu. Kabla ya kupigwa huoteshwa moto ngozi ikaze, nazo hupasuka zikianguka, kama chungu cho chote. Sisi hatuwezi kuzitazama ngoma zile bila kukumbuka wafinyanzi wa Fumba.

Kazi yake ilikuwa kazi hasa. Harusi huanza watu wengine wanapolala. Leo kundi laitwa katika nyumba ya tajiri, kesho katika uwanja wa maskini, na pengine mbele ya Sultani mwenyewe. Yeye aliimba uso wake umefunikwa, kama ilivyokuwa desturi ya wanawake wenye heshima.

Wala hakuimba mapenzi tu. Nyimbo zake zilikuwa gazeti la wasiojua kusoma. Ulio mashuhuri huitwa Kijiti. Mwanamke mgeni aliuawa Unguja. Mwuaji akavuka bahari akakimbilia bara, na mahakama ikawaadhibu wanawake waliofika kutoa ushahidi. Siti akaliimba jambo hilo na jina la mwuaji ndani yake, na mji mzima ukalijua. Twakiri kwamba nyimbo zake nyingine hatungependa kuziimba mbele ya vijana wetu wa kipaimara. Lakini wimbo wa Kijiti wautetea upande ambao manabii pia waliutetea, nasi hatuoni aibu kulisema hilo katika gazeti la Kanisa.

Mwaka 1928, mwaka ule ule ambao watu wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya ardhi ya nyumba zao, Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kutia sauti zao katika sahani za santuri, zile zenye picha ya mbwa asikilizaye. Mwaka uliofuata walikwenda tena. Hakuwako kabla yake mwanamke wa Afrika ya Mashariki aliyeimba Kiswahili katika santuri. Zikauzwa kwa maelfu, zikasikika mikahawani katika miji ya pwani na visiwani, na watu wasio na santuri walisimama nje wakisikiliza.

Sifa ilileta husuda. Wapinzani walitunga nyimbo za kumcheka kwamba hakuwa na uzuri wala ukoo, na kwamba alitoka shamba na kaniki. Akawajibu kwa wimbo, bila matusi, kwamba uzuri wa sura na ukoo si kitu mtu akikosa akili. Mshairi Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, alilitukuza sana jambo hili, nasi twakubaliana naye.

Siti hakujenga shule, lakini waimbaji wadogo walijifunza kwake kwa kumsikiliza na kumfuata. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mmoja wa wale waliopokea nyimbo zake alikuwa Fatuma binti Baraka, aitwaye Bi Kidude, ambaye pamoja na kuimba alikuwa mpiga ngoma na fundi wa unyago. Aliipakata ngoma ya msondo, karibu sawa na kimo chake, akawafunza wasichana mambo ya ndoa, na nyimbo za Siti akaziimba mpaka uzeeni. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, na tarehe 17 Aprili 2013 akafariki Unguja. Juu ya unyago Kanisa lina maneno yake, wala si mahali pake hapa.

Wiki iliyopita tulipita tena kwa yule mpiga ngoma wa Chake Chake. Tulimkuta ameketi karibu na moto wa makumbi, akiigeuza geuza ngoma na kuigonga kwa kidole kimoja, na vijana wake wamechuchumaa kando. Hakutaka mazungumzo, maana harusi ilikuwa usiku ule na ngozi ilikuwa bado haijakaza. Mmoja wa wale vijana tulimtambua, naye alitaka kujificha nyuma ya mwenzake. Ni mjukuu wa yule mzee wetu wa usharika. Tukamsalimu kwa jina lake, tukaenda zetu.