Sayyidna Umar bin Abdulaziz: Khalifa Aliyetafuta Chanzo cha Fitna

Ndugu zetu Waislamu, fitna izukapo baina ya watu wa mji mmoja au wa msikiti mmoja, desturi yetu ni kuuliza ni nani aliyeanza kupiga. Ni wachache waulizao ni jambo gani lililowafikisha watu hapo. Kwa sababu hiyo ugomvi huzimwa leo na kesho huwaka tena, kwani kaa lake lingali chini ya majivu. Maisha ya Sayyidna Umar bin Abdulaziz (Mwenyezi Mungu amwiye radhi) yana mafunzo makubwa katika jambo hili, nasi twayaeleza hapa kwa ufupi.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Alizaliwa kiasi cha mwaka 61 Hijria (680 au 681 Miladia). Baba yake ni Abdulaziz bin Marwan, nduguye Khalifa Abdulmalik, naye aliitawala Misri kwa muda wa miaka 20. Mama yake ni Ummu Asim, binti wa Asim bin Umar bin Khattab. Basi kwa upande wa baba alikuwa mtoto wa wafalme wa Bani Umayya, na kwa upande wa mama alikuwa kitukuu cha Sayyidna Umar.

Alisomeshwa Madina, mji wa wanavyuoni. Zama hizo wakubwa wa Bani Umayya walikuwa wamezoea kumtukana Sayyidna Ali (R.A.) juu ya mimbari, na kijana Umar aliyasikia maneno hayo akayasema kama walivyoyasema jamaa zake. Habari ikamfikia mwalimu wake, Ubaidullahi bin Abdillahi bin Utba, mmoja katika mafakihi saba wa Madina. Siku Umar alipomwendea, sheikh alimwonyesha uso wa ghadhabu, kisha akamuuliza ni lini alipopata habari kuwa Mwenyezi Mungu amewakasirikia watu wa Badri baada ya kuwa radhi nao. Umar akafahamu, akatubu, asimtaje tena Sayyidna Ali ila kwa wema. Alijua tangu siku hiyo kwamba chuki nyingi za watu si zao wenyewe. Wamezirithi pamoja na nyumba na majina ya wazee wao.

Uliwali wa Madina

Mwaka 87 Hijria (706) Khalifa Al-Walid alimfanya liwali wa Madina. Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuwakusanya wanavyuoni kumi wa mji, akawaomba wamshauri, na wamjulishe kila dhuluma itakayofanywa na watumishi wake. Watu wa Iraki waliokuwa wakimkimbia Al-Hajjaj kwa ukali wake wakapata makazi kwake.

Lakini katika kazi hiyo lilimpata jambo lililomhuzunisha maisha yake yote. Al-Walid alimwamuru ampige viboko Khubaib, mwana wa Abdullahi bin Zubair, ambaye ukoo wake ulikuwa na uhasama wa damu na Bani Umayya. Umar akatii amri. Khubaib akapigwa na kumwagiwa maji baridi siku ya baridi kali, akafa. Umar alijuta majuto makubwa. Ikawa akisifiwa kwa wema wake humtaja Khubaib, na huuliza atasalimika vipi naye. Mwaka 93 Hijria (712) akauzuliwa kwa mashtaka ya Al-Hajjaj.

Twalitaja jambo hili makusudi. Mtu huyu hakujifunza uadilifu katika vitabu tu; aliona kwa macho yake kwamba fimbo ya mtawala humnyamazisha mtu, lakini uhasama wa jamaa zake hubaki pale pale, na pengine huzidi.

Ukhalifa wake

Mwezi wa Safar mwaka 99 Hijria (Septemba 717) alikufa Khalifa Sulaiman, na kwa ushauri wa mwanachuoni Rajaa bin Haiwa alikuwa amekwisha kuandika wasia kuwa Umar ndiye atakayemfuatia. Umar akaipokea dola kubwa yenye majeraha mengi. Wapenzi wa Sayyidna Ali walikuwa na uchungu, Makhawariji walikuwa na panga mikononi, makabila ya Waarabu ya kaskazini na kusini yalikuwa yakioneana wivu kwa vyeo, na Waislamu wasiokuwa Waarabu walikuwa wakifanywa watu wa chini.

Alianza na nafsi yake. Mashamba aliyoyarithi, ambayo asili yake ilikuwa na shaka, aliyarudisha. Mkewe Fatima, binti wa Khalifa Abdulmalik, akatoa vito vyake vikatiwa katika Baitul-Mali. Kisha akawageukia jamaa zake, akawanyang'anya walivyovichukua kwa watu bila ya haki. Wakakasirika sana, hata wakamtuma shangazi yao aende kumsemeza. Alimheshimu kama impasavyo mtu kumheshimu shangazi yake, lakini hakurejea nyuma.

Kisha akakata matusi ya mimbarini. Mahali pake akaamrisha isomwe katika hotuba aya ya 90 ya Suratun-Nahl, inayohusu uadilifu na ihsani. Mpaka leo twaisikia katika misikiti yetu kila Ijumaa, na wengi wetu hatujui kuwa iliwekwa hapo kufuta matusi. Kwa neno moja alifunga mlango ambao kila wiki ulikuwa ukipanda chuki mpya katika nyoyo za watu waliokuja kusali pamoja.

Watu wa Khurasani na wa Samarkand

Zikamjia habari za Khurasani. Ujumbe wa watu watatu ulifika kwake. Waarabu wawili wakasema, na wa tatu, ambaye hakuwa Mwarabu, akanyamaza. Umar akamtaka naye aseme. Ndipo akaeleza kuwa wako watu elfu 20 wa jinsi yake wanaopigana jihadi bila ya mshahara wala posho, na wengine kama idadi hiyo waliosilimu nao wangali wakitozwa kodi ya wasio Waislamu. Umar akaandika kodi hiyo iondolewe kwa kila asaliye kuelekea kibla. Watu wakaingia katika Uislamu makundi kwa makundi, na liwali Al-Jarrah akashauriwa awajaribu kwa kuwatazama kama wametahiriwa. Umar akamkataza, akimkumbusha kuwa Bwana Mtume (S.A.W.) alitumwa kulingania watu, hakutumwa kuwatahiri. Baadaye akamwuzulu.

Watu wa Samarkand nao walishtaki kuwa jemadari Qutaiba aliuingia mji wao kwa hadaa, akawaweka Waarabu ndani yake. Umar akaamrisha wawekewe kadhi wa kusikiliza dai lao. Kadhi akahukumu Waarabu watoke warudi kambini kwao, kisha pande mbili zianze upya, ama kwa suluhu ama kwa vita. Wenyeji walipoipata hukumu hiyo hawakutaka vita. Walisema wamekwisha kukaa na hawa watu na kuzoeana nao, wakaridhika mambo yabaki yalivyo. Walichokikosa miaka yote ilikuwa ni kusikilizwa. Walipokipata, ujirani ukawezekana.

Makhawariji, na swali lisilojibiwa

Mwaka 100 Hijria Makhawariji wachache, kiasi cha wapanda farasi 80, waliasi Iraki, mkubwa wao akiitwa Shaudhab. Umar alimwandikia liwali wake asiwashambulie maadamu hawajamwaga damu wala kuharibu nchi. Kisha akamwandikia Shaudhab mwenyewe, akamwita wajadiliane, ajue ni nini kilichomtoa kwake. Wakaja wajumbe wawili. Wakajadiliana naye kwa adabu, na katika mengi akawashinda kwa hoja. Mwisho wakamuuliza kwa nini anamwachia ukhalifa Yazid bin Abdulmalik, ilhali anajua kuwa hatatenda haki. Umar akajibu kuwa Yazid aliwekwa na mwengine, wala si yeye aliyemweka. Hawakutosheka na jibu hilo, na yeye mwenyewe hakutosheka nalo. Akaomba muda wa siku tatu afikiri.

Muda haukumtosha. Alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101 Hijria (Februari 720) huko Dair Sam'an katika Shamu, umri wake ukiwa kama miaka 40, baada ya kutawala miaka miwili na miezi mitano. Wako wasemao kuwa jamaa zake walimtilia sumu kwa kuogopa ufalme usiwatoke. Yazid akatawala, na mengi aliyoyatengeneza Umar yakatenguliwa. Shaudhab akapigwa vita, akayavunja majeshi kadhaa kabla ya kuuawa. Makabila nayo yakarudia uhasama wao, na kiasi cha miaka 30 baada ya kufa kwake dola ya Bani Umayya ilianguka mwaka 132 Hijria (750), ikiangushwa na jeshi lililotoka Khurasani, nchi ile ile iliyokuwa imelalamika.

Mafunzo kwetu

Yatupasa tuyazingatie haya katika mitaa yetu. Penye ugomvi wa shamba, wa uongozi wa msikiti au wa kabila na kabila, kwanza tuuchunguze kabla hatujahukumu. Je, pana haki ya mtu iliyoliwa? Irudishwe, na mwenye nguvu ndiye aanze, kama Umar alivyoanza na mali yake na ya jamaa zake. Je, pana matusi yanayokaririwa, mimbarini au barazani? Yakatwe. Je, pana watu ambao hawajapata kusikilizwa? Aulizwe hata yule aliyenyamaza. Wala tusiahirishe swali lililo gumu kuliko yote tukidhani kuwa muda upo, kwani Umar aliomba siku tatu, na ajali ikamtangulia.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sayyidna Umar bin Abdulaziz, na sisi atuwafikishe kuzitengeneza hali zetu kabla hazijatuharibikia. Amin.