Fanny Crosby, mama wa nyimbo

Wengi wetu tunaimba nyimbo za huyu mama pasipo kujua jina lake.

Fanny Crosby alizaliwa Marekani mwaka 1820, akapofuka angali mtoto mchanga. Akiwa na miaka 8 alitunga shairi lake la kwanza. Mwaka 1835 aliingia masomo ya vipofu New York. Mukubwa wa masomo akaona anapenda sana mashairi, akamkataza kutunga kwa miezi 3. Basi, mafundisho yakakataa kuingia kichwani! Mwisho akamruhusu, na masomo yakaendelea vizuri.

Akafundisha palepale, akaolewa mwaka 1858 na mupiga kinanda, kipofu kama yeye. Mtoto wao akafa angali mchanga. Tangu 1864 alitunga nyimbo za kanisa. Biki hakuhitaji: wimbo mzima aliutengeneza kichwani, halafu mtu akaandika. Malipo dola moja ao mbili tu. Nyimbo zilikuwa mingi hata zikachapwa kwa majina mengine karibu 200.

Alikufa mwaka 1915, ameacha nyimbo zaidi ya 8000. Sisi tuko na macho, kaye na biki. Tunangoja nini?