Edward Frankland (1825–1899)

Mtahiniwa wa Kibiti au wa visiwa vya delta ya Rufiji, usiikariri tu kemia. Ishike kwa mikono. Frankland, Mwingereza, alianza kama mwanagenzi wa mfamasia. Mwaka 1847, akiwa mwalimu katika shule ya Queenwood, aliwaachia wanafunzi wafanye majaribio wenyewe maabarani. Mwaka 1849, huko Marburg, Ujerumani, alipasha moto zinki na iodidi ya ethili ndani ya bomba la kioo lililozibwa, akapata kampaundi ambamo metali imeungana na kaboni. Kampaundi hiyo huwaka yenyewe ikiguswa na hewa! Kwa kuchunguza kampaundi za aina hiyo, mwaka 1852 alieleza uwezo wa atomu kuungana, yaani valensi unayotumia kuandika fomula. Baadaye, London, aliwafunza hata walimu kwa vitendo. Nawe ukishika bureti, andika ulichokiona, si ulichokariri.