Mwalimu Nyerere na Dhana ya Ujamaa wa Mataifa

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1922 huko Butiama, mashariki mwa Ziwa Viktoria, akiwa mwana wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki, ambayo wanaisimu wameiweka katika kundi moja na Kikuria na Ekegusii. Kwa hiyo, Butiama nchini Tanzania na Kebirigo katika Nyamira, nchini Kenya, zina nasaba moja ya kiisimu, ingawa zimetenganishwa na mpaka uliochorwa na wakoloni. Nasaba hii si jambo dogo, kwani mchango wa Nyerere katika fikra za uhusiano wa kimataifa ulichotwa katika maisha ya vijiji vya aina hiyo.

Baada ya masomo ya Musoma, Tabora na Makerere, alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, akahitimu mwaka 1952. Nadharia za Ulaya na Marekani zilizotawala taaluma ya uhusiano wa mataifa wakati huo ziliiona dunia kama uwanja wa dola zinazoviziana, kila moja ikisaka nguvu na maslahi yake. Nyerere aliuanzia mjadala nyumbani. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu ujamaa, alieleza kwamba msingi wa jamii ya Kiafrika ni familia pana, na kwamba familia hiyo haina budi kupanuliwa ivuke kabila na taifa, ilikumbatie bara zima na hatimaye wanadamu wote. Dhana hii isingekuwa ngeni Kebirigo, kwani Abagusii walikuwa na risaga, utaratibu wa majirani kusaidiana kazi za shambani.

Alianza kuitekeleza imani hiyo hata kabla ya uhuru. Mwaka 1960 alijitolea kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hiyo, Kenya na Uganda zijitawale pamoja katika shirikisho moja. Shirikisho hilo halikuzaliwa, na Tanganyika ikapata uhuru peke yake tarehe 9 Desemba, 1961. Mwaka 1964, mjini Cairo, Nyerere ndiye aliyewasilisha azimio lililoitaka Afrika iiheshimu mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni. Hapa pana mgongano wa wazi: aliyetaka jamaa waungane ndiye aliyeitetea mistari iliyowagawa. Kwake, kuichokonoa mipaka hiyo kungezua vita visivyokwisha.

Dhana yake ya pili ilikuwa kujitegemea. Wahenga walikwishaonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Nyerere alilipeleka onyo hilo katika siasa za dunia. Mwezi Desemba 1965 alivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya suala la Rhodesia, hali iliyoinyima Tanzania mkopo wa pauni milioni 7.5. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifanya kujitegemea kuwa sera ya taifa. Mwaka 1979, akilihutubia Kundi la 77 mjini Arusha, alizitaka nchi maskini ziungane mbele ya matajiri kama wafanyakazi wanavyoungana katika chama chao.

Hata hivyo, dhana hizi zilipimwa kwa mizani nzito. Mwaka 1968 aliitambua Biafra, kinyume cha moyo wa azimio lake la Cairo, akiamini kwamba umoja wa nchi hauna maana iwapo raia wanaangamizwa. Jeshi la Idi Amin lilipoivamia Kagera mwaka 1978, majeshi ya Tanzania hayakuishia mpakani. Yaliingia Kampala mwezi Aprili 1979. Nchini mwake, licha ya kushikilia awali kwamba ujamaa haulazimishwi, mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini kati ya mwaka 1973 na 1976, wengi wao kwa nguvu. Kisha, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Mwana wa Butiama akawa amewafungia mlango jamaa zake wa kiisimu.

Nyerere alistaafu urais mwaka 1985. Kuanzia mwaka 1987 hadi 1990 aliiongoza Tume ya Kusini, iliyochunguza namna nchi maskini zinavyoweza kushirikiana zenyewe kwa zenyewe. Alifariki dunia mjini London tarehe 14 Oktoba, 1999, akazikwa Butiama. Wiki chache baadaye, tarehe 30 Novemba, mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha.

Hakuandika kitabu cha nadharia ya uhusiano wa kimataifa. Hata hivyo, neno ujamaa limeingia katika maandishi ya lugha za kigeni bila kutafsiriwa. Huo ni ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza kuzaa dhana za kuifasiri dunia, na dhana hizo zastahili kuhakikiwa kwa ukali uleule unaotumiwa kuzihakiki za wengine.